Mume Wangu Alininunulia Skrini, Lakini Ndege Wangu Nawaona Thika

Mpendwa Mama Wamboi,

Nisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu jambo lenyewe lilianza na skrini ya kompyuta na sasa limefika kwenye ndoa yangu, na nimekaa hapa Kimbo dirishani asubuhi hii nikitazama ukungu ukiondoka polepole juu ya mashamba ya kahawa, nikajiambia kama kuna mtu wa kunionyesha nilipopotea ni wewe, maana mama yangu alikuwa akitusomea ukurasa wako wa gazetini kwa sauti tukichambua sukuma wiki.

Jina langu ni Zahra na kazi yangu ni kuchora. Sichori kwa brashi, nachora kwa kalamu ya plastiki juu ya kibao kilichounganishwa na laptopu, na mwaka huu nilipata kazi niliyoiota tangu nikiwa msichana, kuchora picha za kitabu cha ndege wa Kenya kitakachosomwa shule za msingi, mnana na viota vyake, hondohondo na domo lake, korongo, na yule mdogo anayeitwa chozi, ambaye ukimtazama akinyonya ua anang'aa kijani na zambarau kwa wakati mmoja, na mimi nikianza kumchora ndege huwa natokomea ndani ya manyoya yake, unaweza kuniita nisisikie, chai ikapoa, maziwa yakafurika jikoni, nami niko zangu kwenye bawa.

Laptopu yangu ina kioo kidogo. Kuchora korongo mzima kwenye kioo kile ni kama kuangalia shamba kupitia tundu la ufunguo. Mume wangu Irshad alikuwa akiniona nimeinama pua ikikaribia kugusa kioo, akawa hasemi kitu, kumbe ana mpango wake. Yeye ni fundi wa jipsamu, anaweka dari kwenye nyumba mpya zinazoota kila upande huku Ruiru, na jioni akirudi huwa na vumbi jeupe kwenye nyusi mpaka naona sura atakayokuwa nayo akizeeka, na ni sura nzuri, Mama Wamboi. Basi siku moja akaingia mlangoni kinyumenyume, amekumbatia kitu kipana kilichofungwa kwa blanketi letu la wageni, akakiweka mezani kama mtu anayelaza mtoto, akafungua, na ndani ilikuwa monita, ex-UK, mtumba wa Uingereza, kubwa ajabu, na nyuma ina kibandiko kimeandikwa 4K.

"Muuzaji ameniambia ukichora mdudu kwa hii, mdudu ndiye atakuona kwanza," akasema.

Laptopu yangu ina lile tundu dogo jembamba lenye ncha za mviringo, la USB-C, na waya wa monita ni ule mpana wa HDMI, kwa hivyo muuzaji alikuwa amemwongezea adapta ndogo nyeupe bure, ya kuunganisha hizo mbili. Tukaunganisha, skrini ikawaka, chumba kizima kikapata rangi ya samawati, na Irshad akakaa kwenye kochi na mikono magotini.

"Cheki, Zahra. Ni kama dirisha."

Nikamfungua chozi wangu. Akatokea mkubwa kama kuku, na alikuwa na ukungu. Si giza wala si rangi mbaya, ni ukungu, kama ukiamka ghafla na usingizi bado uko machoni, kila unyoya umeyeyukia kwa mwenzake, jicho limekuwa tone la wino kwenye maji. Nikasogea karibu, nikarudi nyuma, nikafuta kioo kwa ncha ya leso.

"Aje?" Irshad akauliza.

"Iko safi kabisa," nikasema.

Nitakueleza kwa nini nilisema hivyo. Kabla hatujaoana Irshad alinunua ploti, na ile ploti ikawa imeuziwa watu wengine pia, akapoteza kila kitu alichokuwa ameweka, na tangu siku hiyo dada yake Amida hajawahi kumwacha apumue. Siku ya Idi tukiwa tumezunguka sinia, watu wote wako, Amida husema, "Irshad huyu akiuziwa hewa atauliza kama wana mfuko," na watu wanacheka, na Irshad mwenyewe anacheka, lakini mimi ninayekaa karibu naye naona mkono wake umeacha kurudi kwenye chakula. Monita hii ndiyo kitu cha kwanza alichonunua peke yake bila kumuuliza mtu, na kesho yake alipoenda kazini niliingia mahali pa kuchagua ukubwa wa picha, nikaona orodha imeishia 1920 kwa 1080, na nilikuwa nimesoma kwamba 4K inatakiwa kufika 3840 kwa 2160, na hiyo haikuwepo kabisa, nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikaelewa kwamba kibandiko ni cha uongo na mume wangu ameuziwa hewa tena. Nikaapa hatalisikia hilo kutoka kinywani mwangu.

Nikaanza kuishi kwa zamu. Irshad akiwepo nilikaa mbele ya skrini kubwa na kuchora, yeye nyuma yangu na kikombe chake, akisema iko safi, nami nikisema iko safi, na akiondoka nilirudi kwenye kile kioo kidogo. Lakini nilichoka kuchora kazi moja mara mbili, picha nyingi nikazimalizia kwenye ukungu, na kwa kuwa mistari ilikuwa hainitoshi machoni niliikaza, nikaikaza tena. Mhariri wa kitabu akanipigia. "Zahra," akasema, "ndege wako kwa mbali wanapendeza, lakini karibu ni kama umewavisha senyenge." Akanipa muda mpaka shule zitakapofunguliwa nichore upya, la sivyo atampa mtu mwingine.

Ndipo nikamkumbuka Gachanja. Tulisoma naye chuoni, sasa ana ofisi yake ya usanifu ghorofani mjini Thika, na ana skrini za kazi hasa. Nilimwambia nyumbani sina skrini. Hakuuliza mengi, akanionyesha meza iliyo dirishani, akasema, "Ile haina mtu." Nikaweka flashi, nikamfungua chozi, na woi, Mama Wamboi, sijui nikueleze vipi, ilikuwa ni kama mtu amenishika mabega akanigeuza kuelekea kwenye mwanga, niliona kila kijinywele cha kila unyoya, niliona kijani kikigeuka zambarau shingoni palepale nilipokigeuza kwa mkono wangu mwenyewe, na niliona pia ile senyenge, mbaya, nene, ya kunitia aibu. Nililia. Nje mjakaranda ulikuwa unamwaga maua juu ya mabati ya duka la chini, na nilichora mpaka mwanga ukabadilika.

Nikawa naenda. Irshad nilimwambia naenda Kamenu, hukohuko Thika, kumwona shangazi Zubeida, dada ya marehemu baba yangu, ambaye ni kweli magoti yanamsumbua. Irshad alinipa baraka zote. Siku moja akanipa chupa ya mafuta ya nazi aliyoyatafuta mwenyewe, akaniambia nimkande shangazi nayo. Mafuta hayo hayajafika Kamenu. Yako chini ya meza ya Gachanja, kwenye mfuko, na kila nikikaa mguu wangu unayagusa.

Na sasa nifike pale panaponiumiza. Mchana kule juu una utulivu ambao sijaupata mahali pengine, Gachanja anafanya kazi zake chumba cha pili, mara nyingine anakuja na chai anaiweka bila neno, naona mvuke tu umetokea kando ya mkono wangu. Siku moja alisimama nyuma yangu kwa muda, nikasikia akisema, "Huyu anapumua." Halafu akanipa ufunguo wa ofisi, akasema, "Uje hata siku huna kazi." Hajanigusa, hajasema neno ambalo haliwezi kusemwa mbele ya watu. Lakini naosha vyombo namfikiria. Naanika nguo najiona nimekaa kwenye kiti kile, kikombe kinatokea, mtu anasema huyu anapumua. Sijui kama ni Gachanja ninayemkosa ama ni skrini yake, na nimejaribu kuvitenganisha viwili hivyo kichwani, nimeshindwa.

Juzi nilirudi nyumbani jioni kama kawaida. Irshad alikuwa amewahi, amekaa, hajawasha hata redio.

"Shangazi yuko aje?" akaniuliza.

"Ako poa, anakusalimia sana. Magoti yamepoa kidogo tangu tuanze yale mafuta."

Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Alhamdulillahi." Nikaingia jikoni kuweka sufuria, na pale mezani kulikuwa na mfuko wa maparachichi, yale marefu yenye shingo, ya mti ulio nyuma ya nyumba ya shangazi Zubeida Kamenu, ambayo hakuna mwingine anayeyaleta isipokuwa yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kando yake vikombe viwili vya chai vilivyooshwa vikageuzwa chini.

Shangazi alikuwa amekuja kututembelea. Alikaa na mume wangu, wakanywa chai, akauliza Zahra yuko wapi, na Irshad alimjibu nini sijui. Kutoka siku hiyo hajaligusia hilo. Anakula, anaenda kazini, anarudi na vumbi lake, ananisalimia, anasema usiku mwema. Nami nikifungua mdomo naona kwamba ukweli wenyewe unasikika kama uongo, mke wa mtu amekuwa akipanda ghorofa kwa mwanamume mwingine Thika kuangalia ndege, na ili aniamini lazima nimwambie kwamba skrini yake, aliyoibeba kama mtoto, ni mbovu, na nimemwangalia akiisifu siku zote hizo nikamwitikia. Nikinyamaza nampoteza. Nikisema namvunja. Nishike lipi, Mama Wamboi?

Zahra,
Kimbo, Ruiru


MAMA WAMBOI ANAJIBU

Zahra,

Sikucheka, isipokuwa pale kwa mdudu.

Nitaanza kwa kukugombeza ili tumalize. Uliona ni afadhali Irshad awe na mke mwongo kuliko awe na monita mbovu. Ni nani aliyekuambia hilo ndilo angelichagua? Ulimwamulia. Mtu mzima, fundi anayepanda ngazi kila siku kuweka dari juu ya vichwa vya watu, wewe ukaamua hana nguvu ya kusikia sentensi moja kuhusu kifaa. Amida anamdharau kwa sauti mezani na wewe ulimhurumia kimyakimya nyumbani, na nikikuuliza lipi lilimpunguza zaidi, sina hakika utanijibu haraka.

Halafu ukamdanganya Gachanja pia. Ulimwambia huna skrini. Ungemwambia ninayo lakini ina ukungu, huyo ni mtu wa kazi hizo, angekuuliza swali moja ukarudi nyumbani na jibu, na ile meza ya dirishani ingebaki haina mtu.

Kwa sababu, mama, monita yako si mbovu. Nilimpa barua yako Kaveke, ndiye anayeshughulikia kompyuta zetu hapa ofisini, aisome pale penye mambo ya waya ambayo mimi siyajui. Hakumaliza hata ukurasa. "Huyu jamaa hajaibiwa," akasema. "Ni ile adapta."

Nakuandikia alivyonieleza. Picha ikitoka kwenye laptopu inapita kwenye tundu, inapita kwenye adapta, inapita kwenye waya, ndipo inafika kwenye kioo. Kila mmoja hapo njiani ana mwisho wake wa nukta za picha anazoweza kubeba, na aliye mdhaifu kuliko wote ndiye anayeamua. Adapta nyingi zile za kuongezewa bure zinaishia 1920 kwa 1080. Laptopu yako haijawahi kuijua monita yenyewe, inajua tu kile adapta inachokubali, ndiyo maana ile orodha yako iliishia pale na ukafikiri kibandiko kinadanganya. Monita ya Irshad ina nukta mara nne ya hizo. Umekuwa ukiipa picha ndogo, nayo haina la kufanya ila kuivuta mpaka ijae kioo kizima. Huo ndio ukungu wako.

Kwa hivyo fanya hivi. Kwanza tafuta aina kamili ya laptopu yako uone kama tundu lake linatoa picha, maana si kila tundu la umbo lile linatoa, na kama lako linafika 4K. Kama linafika, iache adapta, nunua waya mmoja mzima unaotoka USB-C mpaka DisplayPort, hilo tundu lingine liko nyuma ya monita nyingi za aina hiyo. Ukikosa huo, tafuta adapta iliyoandikwa wazi 4K kwa 60, yaani picha sitini kila sekunde. Kaveke amenisisitizia hapo, kwa sababu kuna zile za 4K kwa 30, picha itakuwa kali lakini mstari utakuja nyuma ya kalamu yako kama mtoto anayeburutwa sokoni, na mchoraji hawezi kuishi hivyo. Ukishaunganisha, ingia kwenye ile orodha uchague mwenyewe. Maandishi yatakuwa madogo kama sisimizi. Usirudishe picha chini kwa sababu hiyo, ongeza ukubwa wa maandishi. Na kama laptopu yako yenyewe haifiki 4K, chukua ile ya katikati, 2560 kwa 1440, bado utaona manyoya.

Sasa Gachanja. Unaniuliza kama ni yeye ama ni skrini. Sijui, na wewe hujui, na hutajua ukiwa unaingia kwake kwa ufunguo ambao mumeo hana habari nao. Umefika kwake umechoka kudanganya, mtu akakuwekea chai na kukwambia kazi yako inapumua. Nani hangekumbuka hilo akiosha vyombo? Simlaumu sana, ingawa mwanamume anayempa mke wa mtu ufunguo na kumwambia aje hata siku hana kazi anajua anachosema. Ufunguo unarudi. Unarudishwa mchana, mlango ukiwa wazi, na Irshad akiwa amesimama hapo.

Kwa kawaida barua hukaa kwenye foleni hapa kwangu. Yako haikukaa. Nyumba ambayo watu wanasalimiana vizuri na hawaongei haingoji gazeti, kwa hivyo nilikupigia simu siku ileile nikakusomea haya yote ya adapta, nikakwambia sema na Irshad leo, na usianze na skrini, anza na maparachichi. Umeniruhusu niwaeleze wasomaji yaliyotokea, nami nawaeleza kama ulivyonisimulia.

Ulimngoja mpaka akanawa vumbi. Ukamwambia, "Sikuwa kwa shangazi."

"Najua," akasema.

Ukamwambia yote, Thika, Gachanja, meza, ufunguo, mpaka ile sauti ya nyuma yako iliyosema huyu anapumua, na ulifanya vyema kutoificha hiyo. Irshad alisikiliza akiangalia mikono yake. Ulipomaliza hakuuliza kuhusu Gachanja. Aliuliza, "Kwa hivyo zile siku zote nikikaa hapa nyuma nikisema iko safi, wewe ulikuwa unaona nini?"

"Ukungu."

Akageuka akaitazama skrini. Halafu akasema, "Hata mimi niliona ukungu."

Nilipokusikia ukisema hivyo kwenye simu nilikuomba urudie. Akakuambia alifikiri ndivyo unavyochora. Alifikiri ni ndege wa ndotoni, wametengenezwa waonekane kama vitu ambavyo mtu ameviona akiwa usingizini, na alikuwa akikaa hapo na kikombe chake akiwapenda hivyohivyo, na hakuuliza kwa sababu aliogopa utajua kwamba mumeo haelewi kazi yako. Watu wawili kwenye chumba kimoja, wanaangalia kitu kimoja, wameona kitu kilekile, na kila mmoja ameuficha kwa sababu ya mwenzake. Nimefanya kazi hii muda mrefu na bado niliweka simu chini nikaenda kusimama barazani kidogo.

Lakini sitawadanganya wasomaji kwamba mliangukiana yakaisha. Swali lake lililofuata lilikuwa, "Na mafuta ya shangazi yako wapi?" Ulipomjibu, alitoka nje akatembea mpaka jioni ikaisha, na alilala sebuleni siku zilizofuata, na hiyo ilikuwa haki yake. Alikuwa ameulizwa na mwanamke mzee, nyumbani kwake, mke wako yuko wapi, akalazimika kutunga jibu la kukulinda, huku hajui anakulinda kutokana na nini. Hilo halioshwi kwa machozi ya siku moja.

Jumamosi alikuambia vaa twende. Mlipanda zile ngazi za Thika pamoja. Gachanja aliinuka, akawaangalia, akaelewa, na namsifu kwa hilo, hakujifanya hajui. Ukaweka ufunguo mezani. Ukamwambia kwamba nyumbani skrini ulikuwa nayo tangu mwanzo. Akauliza, "Na adapta ni gani?" Irshad akaitoa mfukoni, ile nyeupe, Gachanja akaigeuza mara moja na kuirudisha. "Hii ndiyo inawabana," akasema. Irshad ndiye aliyeinama chini ya meza akachukua mfuko wa mafuta. Kutoka hapo mlienda Kamenu, na shangazi Zubeida alikandwa magoti na mumeo huku wewe umekaa mlangoni, na shangazi, kama watu wa umri wake wanavyojua, hakuuliza kitu. Aliwapa chai.

Waya mliupata. Uliniambia kwamba 3840 ilipotokea kwenye orodha hukuamini, ulifunga ukafungua tena. Asubuhi ilikuwa ya mvua nyepesi, mmeacha dirisha wazi, harufu ya udongo inaingia, na chozi akatokea kwenye skrini yenu wenyewe na kila kijinywele chake, kijani kikitembea kuelekea zambarau. Irshad akasogea mpaka karibu na kioo.

"Kumbe ana kucha," akasema.

Umechora upya, mhariri amepokea, na karibu wote wamekubalika. Nimefurahi. Amida naye akirudia utani wake Idi ijayo, wewe ukiwa hapo umekaa, usiangalie mkono wa mumeo. Fungua mdomo. Sema mbele ya sinia lote kwamba kazi ya kitabu imefanyika kwenye skrini aliyoichagua yeye.

Nilifikiri tumemaliza, lakini juzi nilipokupigia kuuliza hali, Irshad aliomba simu. Ana sauti ya chini, ya mtu asiyezoea kuongea na watu wa gazeti. Alinishukuru, akakohoa, halafu akatoka nje, nikasikia mlango na magari ya barabarani.

"Mama Wamboi," akasema, "ile siku ya kwanza alisema iko safi kwa sababu alinihurumia. Sasa ananipikia, anacheka na mimi, anakaa na mimi. Nitajuaje kama ananipenda ama bado ananihurumia? Naweza kumuuliza aje?"

Nilimwambia amuulize vilevile alivyoniuliza mimi, bila kupunguza neno. Akasema atajaribu. Kwa sauti yake nadhani bado hajajaribu, na gazeti hili litafika Kimbo asubuhi, kabla hajaenda kazini. Kwa hivyo Zahra, liweke chini, umwite akae. Akiuliza, usiharakishe kusema neno la kumfurahisha. Fikiria kwanza, ukawie hata kama kimya kitamtisha, halafu umjibu lililo kweli.

Na jibu hilo usiniandikie mimi.

Wamboi